Ukwapi na Utao

Siku ile maabara yetu ya Wete ilinuka siki na spiriti,
na bureti moja tu, yenye ufa uliozibwa kwa gundi,
ikipokezanwa na wasichana ishirini na sita.
Zamu yangu ilifika saa sita kasorobo.
Zambarau ikadondoka, ikazama, ikafutika.
Tone jingine. Likafutika,
kama uongo anaoambiwa mtu asiyesadiki,
hata tone moja likakataa kufa
na flaski nzima ikaona haya, ikawa waridi.

"Andika kilichotokea," akasema Mwalimu Bikombo.

Nikaandika. Manganizi moja huku, moja kule.
Oksijeni nne, na maji manne ya kuzipokea.
Hidrojeni nane, nane.
Chuma kimoja, chuma kimoja.
Nikapiga mstari kwa rula
na kufunga daftari kwa kishindo cha mtu aliyemaliza.

Hakunitia mkasi. Pembeni, kwa wino mwekundu,
aliandika namba mbili tu:
tisa. tano.
"Kushoto chaji tisa, kulia tano.
Nne zimekwenda wapi, Mize? Nani kala?"

Nikarudi nalo Limbani, swali hilo.
Mama alikuwa juu ya jamvi, akichambua,
karafuu huku, makonyo kule,
midomo ikimchezacheza: anatunga.
Binti Shaame aolewa Ijumaa.
Mama hajui kemia. Darasa la sita lilimtosha,
au waliomwambia limemtosha walikuwa wengi.
Lakini ubeti wenye kasoro humkwama kooni kama mwiba wa changu:
kidole chake cha mwisho hubaki hewani,
hakina pa kutua.

*Bibi harusi wa leo, kapambwa asumini*

"Umepungua huu," akajisemea.
"Mbona mtamu, mama?"
"Ndiyo maana. Utamu unahadaa.
Usiusome wote kwa pamoja. Ukate katikati.
Ukwapi peke yake, hesabu.
Sasa utao, peke yake."
Nane. Saba.
Akatafuta kilichokosekana, akakipata:
*kwa*.
*Kapambwa kwa asumini.*
Neno dogo, hata ukiliweka kwenye mizani ya mnunuzi
mshale hautikisiki,
na bila yake ubeti unachechemea mbele za watu.

Nikaifuata penseli yangu.

Nikaukata mlinganyo katikati.
Chuma peke yake: kilikuwa na chaji mbili, kikawa na tatu.
Kimetoa elektroni moja. Basi, ndiyo mali yake yote.
Pamanganeti peke yake, na zile hidrojeni zake nane
(nane! nikacheka, kipande kamili)
imeingia na saba, imetoka na mbili.
Inataka tano.

Anayetoa ana moja. Anayetaka ataka tano.
Hakuna aliyekula.
Ni mimi niliyeita chuma kimoja
kwenye shughuli ya watano.

Nikaita vitano. Nikaunganisha nusu na nusu.
Elektroni tano huku, tano kule, zikafutana,
zikatoweka karatasini
kama vidole vya mama ubeti ukishasimama;
harusini nani atakayevisikia?
Kumi na saba kushoto.
Nikahesabu tena, kwa vifundo, kama yeye.
Kumi na saba kulia.

Mama alichungulia daftari, akaona herufi na vijumlisha,
hakuelewa hata kimoja.
"Mwalimu wako huyo," akauliza, "hutunga?"

Ijumaa nilipakwa hina kama wenzangu,
ila kidole changu cha shahada kilikuwa na doa lake la kahawia
lililogoma sabuni na ndimu.
Shangazi akalishika, akaligeuza kwenye mwanga.
"Hina gani hii, kidole kimoja?"
Nikataka kumweleza.
Lakini mama alikwisha kusimama kusoma,
na mkono wake wa kushoto, ndani ya buibui,
ulikuwa unahesabu.