Vikombe Tisa

Nyumbani kwangu Kaloleni, upande wa reli,
mume wangu zamu ya usiku, hakuambiwa.
Walikuja mmoja mmoja, viatu mkononi kwa sababu ya tope,
wanane, na mimi wa tisa, jikoni.
Sinia ya nyoyo. Chai ya rangi.

Wandabwa alitoa kijitabu cha stensili, wino umevuja,
akasoma habari za Warusi:
usiku wa Oktoba, mji wa Petrogradi, chama kimejifungia,
kumi wakasema tutwae sasa, wawili wakasema bado.
"Wawili!" akacheka. "Historia imewafuta kama chaki."
"Haikuwafuta," akajibu Ondiege, mtu wa mizani kiwandani,
apimaye marobota ya pamba na maneno vilevile.
"Si ndiyo hao umetusomea?"

Basi pakachacha.
Jumanne alfajiri, asema Wandabwa, tufunge lango,
funguo ziwe zetu, meneja akute bango.
Udongo uwahi ungali maji.
Ondiege akahesabu kwa vidole: idara ya rangi haiko nasi,
wasokotaji nusu, madereva kimya.
"Kutwaa ni asubuhi moja. Na kushika je?
Ijumaa nani atalipa mishahara?"
Rasoa akamwita mwoga. Kisha akamwita msaliti.
Neno hilo la pili lilitua mezani kama nzi,
hakuna aliyelipunga.

Mikono ikainuka. Sita kwa wawili.
Hakuna aliyetazama jikoni.

Kile kijitabu nilikisoma baadaye, kwa kidole, mstari kwa mstari.
Kimewataja walioinua mikono na walioikunja.
Kimetaja hata mvua.
Hakisemi nyumba ile ilikuwa ya nani,
nani alifungua mlango,
nani alimdanganya mumewe,
na saa tisa za usiku, mapinduzi yamekwisha kupigiwa kura,
nani aliosha vikombe.

Mimi niliosha vyangu mvua ikivuma kutoka ziwani.
Saba vitupu, na changu.
Cha Ondiege kimejaa, baridi.
Nikakinywa nimesimama, mdomo ukanikunja:
hakukikoroga,
sukari yote ilikuwa imelala chini.

Jumanne, saa kumi na nusu, giza bado,
nilipofika langoni na birika
nilimkuta yeye, peke yake, koti limelowa,
mnyororo mpya begani.
Sikumuuliza kama amekuja kutii
au amekuja kuhesabu.