Ukoko

Kaisu amevua hedi saa tatu usiku,
Novemba, Jyväskylä, theluji ikiteleza juu ya bati.
Vali ya tatu imevaa koti jeusi,
gumu, la magamba, kama ukoko wa wali uliosahauliwa motoni.

Matundu haya ya hewa aliyachonga Oiva, baba yake,
kwa tupa na msasa, majira mazima ya baridi,
akiingiza kidole cha shahada, akifumba macho.
"Hewa haina subira," alisema. "Usiipe kona."

Lakini injini hii hunyunyiza petroli ndani ya silinda kwenyewe;
haipiti tena mgongoni mwa vali, haiuoshi.
Unaopita ni mvuke wa oili,
unaotua, unaoungua, unaotua tena.

Haba na haba hujaza kibaba.
Sawa. Hakuna aliyeuliza haba ya nini.

Kilomita elfu tisini. Gari likaanza kukohoa asubuhi,
kupanda mlima likinung'unika,
na mwenyewe akadhani ni uzee.

Kaisu anawasha kompresa,
anapuliza chenga za maganda ya jozi.
Weusi unabanduka vipande vipande.
Kisha chuma. Kisha mikwaruzo ya tupa,
imelala upande mmoja, ya mtu wa mkono wa kushoto.

Anaingiza kidole, anafumba macho.
Pana kona.
Milimita moja, labda na nusu.
Masizi yalikuwa yameifukia miaka kumi na miwili.

Tupa ipo mezani.
Anaifuta,
anairudisha kwenye droo.