Zana wa Kibuye

Alipolitaja jina lake niliangalia meza yangu:
bisibisi tatu, koleo, waya wa kulehemu.
"Zana."
"Zana za nini, mama?"
Akacheka mpaka muuza omena wa jirani akageuka.
Kwao Albania, kumbe, zana ni jini wa kike wa mlimani,
huimba penye chemchemi,
na mchungaji akimsikia hupoteza kondoo.

Ilikuwa Jumapili ya soko, mwaka ule stima ilikatika kila alasiri.
Alileta redio iliyomeza kanda.
Humo ndani nimo mimi, alisema, nina miaka kumi na tisa.
Niliivuta kwa penseli, taratibu,
kama anayemtoa mwiba mtoto aliyelala.

Mengine niliyapata kila kifaa chake kilipoharibika,
na vifaa vyake, nashukuru, viliharibika sana.
Kwamba alishinda tamasha kule Tirana, akavishwa maua;
kwamba alimtungia mamake wimbo
na wakubwa wakasikia ndani yake noti moja ya kigeni.
Noti moja. Nikauliza ipi. Akaipiga mluzi.
Kwa hiyo alipewa miaka minane ya kupanga majani ya tumbaku.
Karatasi hana. Alitunga kwa majani:
pana, sauti ya kiume; jembamba, ya kike;
msimamizi akamsifu kwa unadhifu.

Serikali ile ilipoanguka alikuja kwetu
kufundisha muziki shule ya masista, mkataba wa miaka miwili.
Akakaa ishirini na mitatu.

Kwao mmoja huanza, mwingine humjibu,
waliobaki hushika sauti moja huko chini, hawaiachi.
Watoto wa Manyatta hawakumwelewa
hadi alipowapeleka mbele ya kinu cha posho cha Ogwel,
kikinguruma, naye akapandisha sauti juu yake.
Wanawake wenye debe za mahindi wakanyamaza.
Ogwel alisahau kudai pesa. Ogwel!

Walikwenda nao Kakamega, wimbo huo.
Nafasi ya pili. Jaji aliandika neno moja: lafudhi.
Karatasi ile aliibandika jikoni, juu ya jiko la makaa.

Na kanda? Palipokatika niliunga kwa selotepu.
Ilipotea nusu sekunde, nikaona haya kumwambia.
Akasikiliza mara tatu, kichwa upande.
"Umeikata ileile," akasema. "Wangekupa kazi."
Kisha akanilipa, na chenji hakutaka.

Tulimzika Machi, mvua ikianza.
Masista waliimba; mimi si mwimbaji,
nilishika sauti moja huko chini.

Siku hizi kinu ni cha mwanawe Ogwel. Ameweka mota ya umeme,
inalia juu kidogo kuliko ile ya dizeli.
Nimemwambia. Ananiona mzee.