Mdomo wa Gunia

Miaka kumi na tisa nilishona midomo ya magunia
kwenye kinu cha nafaka pale Njoro,
sindano ndefu, uzi wa katani,
na vumbi lililotufanya sote tukohoe kwa lafudhi moja.

Siku kinu kilipozimwa hakuna aliyetutangazia.
Tulijua kwa shomoro:
saa nne asubuhi walishuka hadi sakafuni,
wakatembea kama wenye hisa.

Mishahara ya miezi kumi na mmoja. Likizo mbili.
Notisi. Kiinua mgongo.
Nilijumlisha nyuma ya kalenda ya usharika
kwa penseli ya Anaeli, aliyekuwa darasa la tatu.
Sasa Anaeli ana ndevu, na ndiye anayenisahihishia hesabu.

Leo mfilisi ametuita, ghorofa ya pili, karibu na mnara wa saa.
Kijana mpole, tai imenyooka.
"Mama Ndeshimuni, dai lako ni halali.
Halina kasoro hata ya shilingi."
Nikashukuru mapema mno.
"Ila serikali inakulinda mpaka hapa,"
akalaza rula juu ya karatasi,
"kilichozidi kitapanga foleni nyuma ya benki."

Rula hiyo naijua.
Ni ule ubao wa sokoni unaopita juu ya debe,
mkono mmoja tu, na mahindi ya juu yanarudi kwa mwenyewe.
Lakini hata muuzaji yule
debe lake la jana ndilo debe lake la leo.

Nikauliza, mstari huu ulichorwa lini?
Akafungua kitabu, akapuliza vumbi, akautaja mwaka.
Mwaka huo nilikuwa na mimba ya Anaeli.
Mwaka huo hela hiyo ilinunua ng'ombe wa maziwa
na chenji ya kumfikisha Kibosho.
Leo inanunua kamba yake,
na ndoo.

Ada ya leseni imepanda, nimesoma tangazo mlangoni kwenu.
Faini imepanda.
Nauli ya kuja kusikia habari hii imepanda.
Kila namba inayotoka kwangu kuja kwenu ina miguu.
Hii moja, ya kutoka kwenu kuja kwangu,
ndiyo mliyoifunga kwenye nguzo.

Kijana akatazama dirisha. Si yeye aliyeichora.

Mzee Kirita, aliyekuwa mtu wa mizani,
hakuuliza kitu.
Aliisoma karatasi kwa kidole, akasaini.
"Nina dawa za kununua Alhamisi," akaniambia,
kana kwamba nilikuwa nimemlaumu.

Nami nikasaini.
Ila pembeni, kwa penseli,
nikaandika bei ya maharage ya leo asubuhi, kilo moja, Mbuyuni,
na tarehe,
ili atakayelifungua faili hili, akishapuliza,
ajue pa kuanzia kupima.