Darubini ya Marehemu Milburn

Niliinunua kwa mjane, Bellingham, pauni mia mbili na kumi,
na miguu yake mitatu, na nyaya zilizofungwa kwa kamba ya kiatu,
na daftari ambalo sikuliomba.
"Inajua vitu elfu arobaini," alisema Bi. Milburn,
"na marehemu alibishana nayo kila usiku."

Basi Jumamosi, mwishoni mwa Novemba, mbingu kavu kwa bahati,
nikaisimamisha uani kwetu Hexham,
kati ya pipa la taka na kamba ya nguo,
nikailaza sawa, nikaielekeza kaskazini kama kitabu kilivyoagiza.
Zubeda akafungua dirisha nusu:
"Huo mzinga, utatoa asali au moto?"

Rimoti, kabla ya kunionyesha hata cheche,
ikanihoji kama karani wa uhamiaji.
Tarehe? Nikaitaja.
Saa? Nikaigeuza ya Kizungu, nikaitaja.
Mahali?
Labda ni ganzi ya vidole, labda ni uchovu wa kiwandani,
ambako kutwa napanga mbao na kuulizwa kwetu hasa ni wapi,
vidole viliandika Urambo.
Latitudo tano, kusini. Longitudo thelathini na mbili, mashariki.
Haikushtuka. Haikuniomba pasipoti.

Nikaiagiza Kilimia.
Mota zikalia kwa sauti ya mbu aliyekwenda shule,
bomba likainuka, likasita, likatulia
likitazama kaskazini, juu ya paa la Bwana Charlton,
penye giza tupu, jirani na Jaa,
nyota ambayo kwetu haiinui kichwa juu ya ardhi.

Nikaweka jicho. Hakuna.
Nikafuta lenzi kwa shati. Hakuna.
Kumbe Kilimia kilikuwa nyuma yangu muda wote,
juu ya bega la kulia,
kama punje za mtama alizomwaga mtoto,
kikinisubiri nimalize.

Nayo haikukosea.
Pale ilipoelekea ndipo Mama alipokitafuta,
amesimama na jembe kwenye tuta la tumbaku,
uso kaskazini, akihesabu siku za mvua.
Walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua.
Hapa kinazama kwa mvua, kinazuka kwa mvua,
na katikati ni manyunyu.

Nikafungua daftari kwa tochi nyekundu.
Mawingu. Mawingu. Zohali, dakika nne. Mawingu.
Goti linauma. Mawingu.
Na ndani ya jalada, kwa kalamu ya risasi:
"Ikikupotezea nyota, umeidanganya mahali."

Hexham nimeshaiandika kwenye bili za gesi,
kwenye fomu za shule ya Nuhu,
kwenye kifurushi cha kurudisha viatu visivyonitosha.
Kuiandikia nyota, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.
Hamsini na tano kasoro, kaskazini. Mbili, magharibi.
Mzinga ukageuka, ukapita juu ya taulo lililoganda kwenye kamba,
ukaja kusimama begani kwangu.

Nikafunga kamera. Sekunde nane, mara mia moja na ishirini,
nami narukaruka kwa baridi, Zubeda akicheka nyuma ya kioo.
Kompyuta ikazirundika picha, moja juu ya nyingine,
kama chapati,
hadi ukungu wa buluu ukajitokeza kuzizunguka nyota,
mwepesi, kama pumzi ya mtu aliyelala.

Nikamtumia Mama. Asubuhi akajibu kwa sauti, jogoo nyuma yake:
"Mbona umekipiga kichwa chini?
Ila ndicho. Haya, na wewe huko
umeshapanda?"

Nikatazama uani. Pipa, kamba, majani meupe kwa barafu,
na pale miguu ya darubini iliposimama usiku
mashimo matatu madogo,
kina cha mbegu.