Kugema Bahari

Saa ya ukutani humu melini
imetegwa kwa mji ambao hakuna kati yetu aliyeufika.
Inasema ni saa tisa alasiri.
Nje ni giza la kumeza mkono.

Vimimea havisomi ukutani.
Kwao siku huanza jua linapoanza,
saa ya kwanza ni saa moja,
nami sina la kuvisahihisha.

Kila baada ya saa tatu tunashusha chupa.
Hinarii kwenye winchi, mimi na mpira wa kuchotea.
Maji hupanda meupe,
meupe hata ungeyanywa kama si chumvi,
na ndani yake umati usiohesabika kwa jicho.
Nachuja lita nne chini ya taa iliyofifia
hadi karatasi iliyo pana kama sarafu
ibaki na kivuli cha rangi,
kama shati jeupe lililolaliwa na jani bichi.
Naikunja. Naizamisha katika nitrojeni, inapiga kelele kidogo.

Alfajiri kivuli ni hafifu.
Mchana, jua likisimama wima juu ya mlingoti,
mashine ya kupima mng'ao ikaporomoka.
Nilidhani imeharibika.
Halafu nilidhani vimekufa vyote,
nikamwamsha Dokta Canul kwa hofu.
Akaja peku, akatazama mstari, akapiga mwayo:
"Havijafa. Mwanga umezidi, vimejitanda manjano."
Akarudi kulala.
Basi nikavionea haya, kama mtu aliyefungua mlango bila hodi.

Jioni vimenenepa.
Klorofili imejaa, kijani cha siku nzima kimewekwa ndani,
na giza likishaingia kila kimoja hujigawa kuwa viwili,
bila uchungu, bila mkunga.
Ndipo walaji hupanda kutoka vilindini,
wasio na rangi yoyote, mdomo mtupu,
na karamu ni ya usiku kucha.
Asubuhi nahesabu: sawa na jana.
Waliozaliwa wameliwa.

Nyumbani Tabwakea, kaka yangu Bakoa
hupanda mnazi mara mbili kutwa,
alfajiri na machweo,
hukata ncha ya karara ukucha mmoja tu, huku akiimba
ili walio chini wajue kuna mtu juu.
Miaka kumi na tisa, sijaona akiba.
Chupa hujaa, watoto hunywa lingali tamu,
mama hupikia linalosalia, chupa huoshwa.
Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Bahari haina haja ya sifa zetu,
tembo lake ni maji tangu mwanzo.

Safu ya siku ya tatu ina pengo.
Saa tisa usiku, mita arobaini: hakuna.
Nimeandika "hitilafu ya winchi", na Hinarii amekubali kubeba lawama.
Ukweli ni kwamba simu ya setilaiti ilikuwa imeniita.
Bakoa ameanguka. Paja limevunjika mahali pawili.
Mama alilia zaidi kuhusu minazi:
karara lisipokatwa hufunga,
siku mbili, tatu, halafu ni kuni.
Mti hauweki deni.

Nilikaa kwenye ngazi ya chuma na chupa tupu mapajani.
Chini yangu vilikuwa vikijigawa, vikiliwa, vikijigawa,
wala havikuningoja.

Jana ujumbe mwingine.
Binti yake, Tiroia, wa miaka kumi na mitatu,
amepanda.
Majirani wamesema wasichana hawagemi.
Mama amesema basi nanyi msinywe.

Leo kivuli kwenye karatasi ni kilekile cha jana.
Nimeandika: sawa.
Nimekaa nikilitazama neno hilo kuliko kawaida.
Nimemtumia Tiroia swali, aliimba nini kule juu,
hajajibu bado.
Huko, kama hapa, ni saa moja,
na chupa imeshapanda tena, inachuruzika.