Kabla ya Kurudisha Funguo

Siku tisa zimebaki turudishe funguo.
Dalali ana orodha ya kurasa kumi na moja
na picha za pazia lilivyokuwa tulipoingia:
jeupe, limenyooka, la nyumba isiyowahi kulaliwa.

Nimeketi sakafuni jikoni, Coventry, saa tano usiku,
beseni katikati ya miguu,
nayasoma madoa yetu kama anayehesabu deni.

Naanza na damu. Sabra aling'oka jino
akalificha chini ya mto, hakumwambia mtu.
Maji baridi, ya bomba la Novemba,
yaumayo hadi kwenye kifundo cha mkono.
Mama mkwe alinikemea kwenye simu kutoka Malindi:
"Ya moto? Kwani wataka kuifua damu au kuipika?"
Chumvi kidogo, nikafikicha. Ikaaga kwa adabu.

Wino ni wa Badi.
Alijaza fomu za Wizara kwa majuma matatu,
mto wa kochi ukiwa meza yake, kalamu ikivuja taratibu
kwenye swali la safari zote za miaka kumi.
Wino hausuguliwi, ukisuguliwa huzaa.
Tia spiriti, weka kitambaa chini,
kisha gonga, gonga kutoka nyuma,
kama unayembishia hodi jirani aliyelala.
Kitambaa kikanywa buluu yote.
Majibu ya fomu bado hatujapata.

Nta ya usiku ule mita ilipoisha pesa:
iache igande, kwangua kwa mgongo wa kisu,
karatasi ya kaki juu, pasi ya uvuguvugu. Basi.

Na tafadhali, jiki na siki usivikutanishe.
Mimi nilivikutanisha.
Tuliketi ngazini sote watatu tukikohoa, madirisha wazi,
hata Bi Danuta wa ghorofa ya juu akatushukia
na sufuria ya supu ya bitiruti, nyekundu kama kosa.
Tuliporudi ndani tukainywa kwenye kochi.
Ndivyo tulivyopata doa jipya.

Lakini bizari ya manjano!
Bizari haisikii sabuni. Ipake sabuni
uone inavyoiva nyekundu, kama aliyetukaniwa mama.
Dawa yake ni jua,
na jua la hapa huja kwa miadi.
Nililitundika pazia likiwa bichi, nikangoja.
Jumatatu, mawingu. Jumanne, mawingu yenye mvua.
Alhamisi, saa sita na dakika arobaini, likatoka,
nami na kiti na pazia tukalifuata
kutoka dirisha la sebule hadi la chooni,
dakika ishirini, pengine kasoro.
Kufikia Jumapili doa lilikuwa limepauka
hata Badi akauliza: lilikuwa wapi?

Hina ndiyo iliyonishinda.
Shufaa alilala hapa mkesha wa harusi yake,
mikono imefungwa vitambaa, akicheka usingizini,
na asubuhi foronya ilikuwa na vidole vitano kamili.
Maziwa, ndimu, dawa ya kusafishia vidonda,
siku nne. Vidole vikabaki vitano.
Nikanunua foronya nyingine sokoni, pauni sita,
ile ya zamani nikaitia ndani ya sanduku letu.
Doa hilo tumelilipia, ni letu.

Dalali akaja, jina lake Gareth,
mifuko ya plastiki juu ya viatu.
Alikaa dakika saba.
Alifungua tanuri, akaguna, akaandika: pauni arobaini.
Foronya hakuzigusa. Mto wa kochi hakuugeuza.
Kisha akasogeza pazia ili alitazame gari lake,
na kidole gumba kikaacha alama,
mafuta ya kitu alichokula njiani.

Niliiona. Mkono wangu ukainuka wenyewe.
Sabuni ya vyombo, tone moja, dakika kumi,
kisha maji ya uvuguvugu.

Nikampa funguo.